Mifuko Myeupe Mbele ya Nyumba ya Dada

Udongo wa nyuma ya jiko la dada yangu ulirudi nyumbani kabla ya mjukuu wake kurudi. Kila nikilikumbuka jambo hilo hasira hunipanda upya, na kwa kuwa mimi si mtu wa kupiga meza, naandika. Ndiyo kazi pekee niliyosomea. Nilikaa chuo kikuu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikatoka na falsafa, na tangu hapo nimekuwa yule mtu ambaye jamaa humwita wanapotaka barua iandikwe vizuri au marehemu asifiwe kwa sentensi ndefu.

Nianze na batri.

Hapa Kalemie wavuvi wa ndagala huingia ziwani na taa, na taa za siku hizi huwashwa kwa batri ya gari. Batri ikifa haitupwi. Sijamwona mtu wa ufuko huu, kuanzia hapa mpaka Zongwe na Mpala, aliyetupa batri. Hupelekwa kwa mtu anayejua kuipasua kwa shoka, kumwaga maji yake makali, kutoa risasi iliyomo ndani, madini yale mazito na laini, na kuiyeyusha katika sufuria kuukuu juu ya makaa. Ikishayeyuka humiminwa katika vijishimo vilivyochimbwa mchangani kwa kidole, ikapoa, ikawa vizito vya kuzamishia nyavu. Mvuvi huleta batri iliyokufa, huondoka na vizito vyake, na gamba la batri hubaki kwa myeyushaji. Kuku hulinywea maji.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa myeyushaji huyo. Alifanyia kazi yake nyuma ya jiko akipiga mluzi, na moshi ulikwenda ulikopenda. Nami nilikaa pale jioni nyingi, nimekalia gamba la batri, nikimweleza hali ya dunia huku nikiuvuta moshi uleule. Alipofariki, dada alisawazisha mahali pale akapanda lengalenga, mchicha wetu. Udongo uliolala na majivu miaka mingi huotesha vizuri, alisema, na kweli mboga ziliota. Tulizila. Nilizisifu.

Mjukuu wake alizaliwa katika nyumba ile. Alipoanza kutambaa, alitambaa pale, kwa sababu ndipo penye kivuli, na alikula udongo kama watoto wote wanavyokula udongo, kwa vidole vitano na bila haraka. Alianza kusema maneno, kisha akayaacha. Alianza kutembea, kisha akarudi kukaa chini. Tumbo lilimuuma, akalia mpaka sauti ikakauka. Hospitalini walimtibu minyoo, wakamtibu malaria, wakarudia minyoo. Mwishowe alipita daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye miji ya migodi. Alimtazama mtoto, kisha akamwuliza dada swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza:

“Mama, pale kwenyu munayeyushaga nini?”

Damu ilipelekwa mbali kupimwa. Jibu liliporudi, daktari alisema mambo mawili. Mtoto ana risasi mwilini. Na mtoto huyu asikanyage tena lupango ule, kiwanja chote kile cha nyumbani, mpaka udongo wake uondolewe. Basi mama yake, binti wa dada, alimfunga mgongoni akapanda bato, meli yetu ya ziwani, kwenda Moba kwa ndugu za mume wake, na dada akabaki na nyumba. Huko Moba mtoto alianza kupata nafuu. Lakini binti alikuwa mgeni wa watu, na mgeni anayekaa sana huanza kusikia sufuria zikifunikwa kwa kelele. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili alikuwa na swali moja: tutarudi lini?

Hilo ndilo dada alilolitaka, na mengine yote ninayoyasimulia yalihusu hilo tu.

Mradi ulikuja. Sitautaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu miradi hubadilisha majina kama nyoka anavyobadilisha ngozi na ifikapo siku ya kusomwa maneno haya utakuwa unaitwa kitu kingine. Ulikuja na magari meupe na chombo kama bastola, ambacho mtaalamu alikiegesha ardhini, akasoma tarakimu, akatikisa kichwa. Nyuma ya jiko la dada alitikisa kichwa zaidi. Vikapatikana viwanja vingine vya wayeyushaji, na kazi ikaanza.

Nitasema ukweli: kazi yenyewe ilifanywa vizuri. Vibarua walivaa barakoa na glavu. Walinyunyiza maji ili vumbi lisiruke. Waling'oa lengalenga zote, wakakwangua udongo wa juu kiasi cha kina cha mkono, wakautia katika mifuko myeupe yenye mstari wa buluu, wakaifunga kwa kamba. Bastola ikarudi, ikapima shimo, na safari hii mtaalamu hakutikisa kichwa. Kisha ukaletwa udongo mwekundu safi kutoka mlimani ukashindiliwa. Dada alisimama juu yake peku, akakanyagakanyaga kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

“Profesa,” akaniambia. Mimi si profesa, naye anajua. “Hapa mutoto anaweza kula chakula chini.”

Mifuko ilipangwa kando ya barabara, rundo refu na nadhifu, kungoja lori la kuipeleka kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya vilima na kutandikwa udongo wa mfinyanzi. Mimi nilikuwa katika kamati ya mtaa, kwa sababu ya falsafa. Tulifanya mkutano kuhusu kibao cha onyo, kisha mkutano mwingine kuhusu maneno ya kibao. Nilipigania neno moja la Kifaransa kwa ukali ambao sijawahi kuutumia nikipigania jambo lolote lenye faida. Kibao kikasimikwa, kimeandikwa kwa Kifaransa safi. Siku chache baadaye mbao zake zilikuwa meza ya mwuza mikate, na mikate ilikuwa mizuri.

Kisha mradi ukafanya sherehe ya kufunga. Kulikuwa na viti vya plastiki, soda, hotuba. Lori halikuja. Waliosimama kuhutubia walitufahamisha kuwa lori ni jambo la mbele kidogo. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Mtu akishika soda mkononi huwa mwepesi wa kuelewa.

Halafu ziwa likapanda.

Kwa msomaji asiyetujua: miaka hii ziwa letu limekuwa likipanda na kumeza barabara, maduka, makaburi. Na kila lilipopanda, wasaidizi walitugawia kitu kimoja, mifuko. Mifuko myeupe. Tulifundishwa kuijaza mchanga, kuifunga, kuipanga mbele ya nyumba kama tofali. Mtoto wa Kalemie asiyejua kufunga kamba za viatu anajua kupanga mifuko. Kwa hiyo watu wa ufukoni waliposikia mawimbi yakigonga milango, wakatazama kando ya barabara, waliona nini? Mifuko myeupe, imejaa tayari, imefungwa tayari, imepangwa tayari. Waliona kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya misaada, msaada umefika kabla ya maafa.

Waliichukua. Walifanya kazi mchana kutwa, wanaume kwa wanawake, kwa nyimbo. Mimi nakaa mlimani. Niliwaona kwa mbali, safu ya watu na mizigo myeupe, na wakitaka kunichoma moto wanichome: nilianza kutunga kichwani makala kuhusu umoja wa watu wa ziwa.

Dada hakuwapo. Alikuwa amekwenda Moba kumwambia binti yake kwa kinywa chake mwenyewe kwamba lupango ni safi na wajiandae. Yeye atatangulia kutayarisha nyumba, wao wafuate na bato la wiki inayofuata. Nilimpokea bandarini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshika mjukuu. Alinieleza njia nzima jinsi mtoto anavyosema “maji” na “leta” na jinsi anavyotembea mpaka mlangoni.

Tukafika. Mbele ya nyumba yake ulisimama ukuta wa mifuko mpaka kifuani, umezunguka upande wa ziwa wote, umeingia mpaka nyuma ya jiko. Jirani yake, mama mwuza samaki mwenye sauti ya kuvukia ziwa, alitoka amenyoosha mikono.

“Mama! Uone! Ziwa lilitaka kula nyumba yako, tukalikatalia! Tukasema, hapana, huyu Mama amesafiri, hatuwezi kumuacha. Yako njo tulianza nayo!”

Ni kweli. Walianza na nyumba yake, kwa sababu ni mjane na hakuwapo. Walimpa mifuko mingi kuliko waliyojipa wenyewe. Sijaona wema mkubwa kama ule, na nilitamani wangemsahau.

Dada alisimama. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka pembeni, udongo mweusi unavuja polepole juu ya ule mwekundu uliotoka mlimani. Alijua rangi yake. Alikuwa ameulima.

“Asante, Mama,” akamwambia jirani. “Asante sana. Mungu awabariki.” Kisha akaniambia mimi, bila kugeuka: “Twende kwa wale watu.”

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga huko juu, yenye geti la chuma. Msimamizi alikuwa kijana mpole, mgeni wa Kalemie, mwenye kitambulisho shingoni. Alitukalisha. Nilianza hotuba, ilikuwa na utangulizi. Alinisikiliza kwa heshima.

“Papa,” akasema, “udongo ulitoka mu lupango ya Mama ao haukutoka?”

“Ulitoka.”

“Bon. Kazi yetu ilikuwa kutosha udongo mu lupango. Ukatoka. Tukaandika umetoka.”

“Umerudi.”

“Ile njo ingine mambo, Papa. Kurudi haiko mu mradi.”

“Na lori?”

“Lori iko mu awamu ya pili. Wafadhili hawajasaini.”

Nilimwuliza kama kansa, wizi na ajali navyo husubiri wafadhili wasaini. Alisema ananielewa. Nawaogopa watu wanaonielewa haraka namna ile.

Dada akauliza kwa upole, “Mwanangu, uko na mutoto?”

“Niko naye mumoja, Mama. Yuko Kinshasa.”

“Anachezeaka mu nini?”

Kijana akaitazama simu yake. Haikuwa imelia.

Tulirudi. Njiani nilimweleza dada kwamba nitaandika. Nitaandika kwa gavana, kwa magazeti, kwa wafadhili wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho wa mteremko, akasema, “Andika. Na mimi nitabeba.”

Kesho yake asubuhi alianza kuubomoa ukuta wake. Alijifunga kitambaa puani, akavaa glavu za shemeji za kuvutia nyavu, akashusha mfuko wa kwanza. Jirani alitoka mbio.

“Mama, unafanya nini? Uko na wazimu? Ukifungua kwako, maji itapita kwako ikuye kwangu!”

“Ni kweli.”

“Sasa? Unataka kutuzamisha?”

“Hii njo udongo yenye ilimugonjwesha mutoto. Njo ileile. Niliwaambia wakati wanaitosha.”

“Ulituambia udongo ni mubaya! Hukutuambia mifuko ni mibaya!”

Dada akashusha wa pili. Majirani wengine wakakusanyika. Mzee mmoja, mvuvi aliyewahi kuleta batri zake pale, akasema shemeji yangu aliyeyusha miaka yote na hakufa kwa risasi, alikufa kwa moyo, basi tuache maneno ya wazungu. Mwingine akanirushia mimi: “Na huyu wa vitabu anasema nini? Yeye anakaa mulimani, ziwa haimufikie!” Hilo lilikuwa la haki kabisa. Nilifungua kinywa kueleza madini mazito ni nini, nikasikia sauti yangu ya kamati, nikakifunga.

Jirani ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, mkono mmoja kiunoni. Mtoto wake mdogo alikuwa amepanda juu ya ukuta wake, amekaa juu ya mfuko uliochanika, na alikuwa akifanya kile watoto wote wanachofanya. Vidole vitano, bila haraka. Dada alimwonyesha tu kwa kidevu.

Mama yule aligeuka. Ule ukelele wake ulikatika katikati ya neno. Alimnyakua mtoto, akamfungua kinywa, akamfuta ulimi kwa khanga mpaka mtoto akalia, akampeleka kwenye ndoo akamwosha, akamkabidhi kwa binti yake mkubwa. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa puani.

“Tunaipeleka wapi?” akauliza.

“Kwa wenyewe,” dada akasema.

Pusepuse, ile mikokoteni ya mkono ya sokoni, zilipatikana. Kila aliyebeba alifunga kitambaa usoni, na aliyekosa glavu alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Mifuko iliyopasuka iliwekwa katika mingine. Tulipanda nayo mlima, mimi nikisukuma nyuma ya pusepuse moja, nikihema kama mtu mwenye shahada. Getini kulikuwa na mlinzi.

“Mama, mbele ya mulango hapana! Hii ni mulango ya mutu mukubwa!”

“Basi akuye abebe na mikono yake mikubwa,” jirani akamjibu.

Tulipanga. Nimeshasema kwamba watu wetu wanajua kupanga. Ukuta ukapanda mbele ya geti la chuma, nadhifu, pembe zimekutana, mstari wa buluu umetazama nje. Gari jeupe lilikuwa ndani. Msimamizi alitoka na kitambulisho chake, akaona, na nikauona uso wake ukibadilika kuwa wa mtu aliyesoma kilichomo ndani ya mifuko.

“Papa, tafazali, hii ni sumu! Hapa kunaishi watu!”

Sina haja ya kusema tulivyocheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hakikuwa na furaha hata kidogo.

Lori ambalo halikuwepo, lililokuwa katika awamu ya pili, ambalo wafadhili walikuwa hawajalisaini, lilipatikana kabla ya jua kufika utosini. Sijui walilitoa wapi. Lilikuwa na dereva, mafuta na turubai. Nilisimama nikalitazama likirudi nyuma kuelekea geti, na hapo ndipo nilipokasirika kweli, kuliko siku ile ya ofisi. Mpaka hapo nilikuwa nimeamini, kama mjinga aliyesoma, kwamba lori halipo.

“Tunabeba zenye ziko hapa mulangoni tu,” msimamizi akasema. “Zenye ziko huko chini, hapana.”

Basi tulikimbia. Watu wote wa ufukoni, waliokubali na waliokuwa hawajakubali, walibomoa kuta zao wakapandisha mifuko kabla lori halijaondoka. Yule mzee mvuvi alisukuma pusepuse akitukana mama zetu wote. Mfuko wa mwisho ulipakiwa dereva ameshawasha injini. Tulishuka tukanawa ziwani, mikono, nyuso na nguo, kwa sabuni ya jirani.

Na ziwa, likiwa halina kitu mbele yake, likaingia. Halikuja kwa fujo. Lilipita katika lupango wa dada, likafunika udongo mwekundu, likachukua pale ule mweusi uliokuwa umevuja, likausambaza tusijue wapi, likapanda kizingiti. Nilirudi mbio ofisini kuomba jambo moja tu: bastola ile ije, ipime, ituambie kilichobaki.

“Mashine ilishapanda ndege, Papa,” msimamizi akasema. Alikuwa akiosha mikono kwenye bomba la uani, kwa uangalifu mkubwa, kidole kimoja baada ya kingine.

Jioni ile redio ya mji ilitangaza kwamba viwanja vya wayeyushaji vimesafishwa. Waliotajwa walishukuriwa. Tulisikiliza tumesimama sebuleni kwa dada, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa ameweka unga na nguo juu ya meza, na simu yake ikalia juu ya unga. Ni binti, kutoka Moba. Bato linaondoka kesho asubuhi. Nyuma yake nilimsikia mtoto akisema “leta, leta”.

“Mama, tupande?”

Dada alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na walimu waliokuwa wakinipa alama.

“Profesa. Wewe ulikwenda kwenye mikutano yao yote. Udongo ni safi ao si safi?”

“Yaya, dada yangu, hapo ni vigumu kusema. Ukitazama kwa upande mmoja, mifuko mingi imeondoka, lakini kwa upande wa...”

“Mutoto akuye ao asikuye?”

Maji yalisogeza kandambili yake taratibu mpaka ukutani. Ningependa kusema nilifikiri. Sikufikiri, niliona tu ule udongo mweusi ukivuja.

“Asikuye,” nikasema.

Aliweka simu sikioni. “Musipande,” akasema. Huko Moba sauti ya binti ikapanda, nikasikia neno lini, na tena lini, na tena. Dada alimwacha amalize. “Sijue, mwanangu. Mwenye kujua amepanda ndege.” Kisha akasema atakwenda yeye, akae nao huko, wawe wageni pamoja, na kama wenye nyumba watafunika sufuria kwa kelele, atawafunikia na yeye.

Alikata simu, akaikung'uta unga, akaitia kifuani. Godoro la shemeji lilikuwa limeanza kulowa upande wa miguuni. Alishika pembe mbili za juu akaninyooshea kidevu kwenye zile mbili nyingine. Nilikuwa nimesimama, nadhani midomo yangu ilikuwa ikitembea, nikitafuta sentensi ya kwanza ya barua kwa gavana.

“Utaandika kesho,” dada akasema. “Inua.”